Mildura mbili: jinsi jina moja lilivyowapeleka madereva porini

Desemba 2012, polisi wa jimbo la Victoria, Australia, walitoa onyo kwa wasafiri. Walikuwa wameitwa kuwasaidia madereva waliokwama ndani ya hifadhi ya taifa ya Murray-Sunset. Wote walikuwa wakielekea Mildura, mji ulioko kaskazini-magharibi mwa jimbo hilo, na wote walikuwa wakifuata maelekezo ya ramani ya Apple kwenye simu zao za iPhone. Polisi walipoijaribu ramani hiyo wao wenyewe, waliikuta imeiweka Mildura katikati ya hifadhi, kilomita 70 hivi kutoka Mildura yenyewe.

Baadhi ya madereva hao walikaa huko hadi saa 24 bila chakula wala maji. Walitembea mwendo mrefu katika ardhi ya hatari wakitafuta mahali ambapo simu ingeshika netiweki. Desemba kule ni kiangazi. Polisi hawakupunguza maneno: ndani ya hifadhi hakuna maji, joto linaweza kufika nyuzi 46, na hili ni suala la uhai wa watu.

Nataka tukichambue kisa hiki taratibu kwa sababu mara nyingi kinasimuliwa vibaya. Wengine hukisimulia kama kichekesho cha watu waliokodolea macho simu wakasahau barabara. Wengine hukifanya aibu ya kampuni moja iliyoharakisha bidhaa yake sokoni. Masimulizi yote mawili yanatuacha tukiamini kwamba sisi tumesalimika, kwa kuwa tuna akili zaidi au tunatumia ramani nyingine. Hatujasalimika. Kosa lililowafikisha watu wale porini linaweza kumpata yeyote anayeandika jina la mahali kwenye ramani ya mtandaoni na kuipokea pini inayotokea, yaani ile alama inayoonyesha mahali, bila kuiuliza swali.

Kwanza mazingira ya kisa, kwa ufupi. Apple ilitoa ramani yake tarehe 19 Septemba 2012 pamoja na iOS 6, toleo jipya la mfumo unaoendesha iPhone, ikaiondoa ramani ya Google iliyokuwamo ndani ya iPhone tangu simu hiyo ilipoanza kuuzwa mwaka 2007. Malalamiko yalianza mara moja: majina yaliyokosewa, madaraja yaliyopinda kwenye picha, mahali palipohamishwa. Tarehe 28 Septemba mkurugenzi mkuu wa kampuni, Tim Cook, aliomba radhi kwa barua ya wazi, akawashauri wateja watumie ramani nyingine, zikiwemo Bing, MapQuest na Waze, wakati yake ikirekebishwa. Kwa hiyo habari za Mildura zilipofika, hukumu ilikuwa tayari midomoni mwa watu: ramani ni mbovu, basi. Pini ilirudishwa mjini muda mfupi baada ya onyo la polisi, na wengi wakafunga faili.

Waandishi wa habari waliofuatilia chanzo walikuta jambo jingine. Nukta ile ya porini ilikuwepo kwenye orodha rasmi ya serikali ya majina ya mahali nchini Australia. Ndani ya orodha hiyo Mildura zilikuwa mbili. Ya kwanza ni mji. Ya pili ni Mildura Rural City, yaani eneo la halmashauri ambalo makao yake makuu yako katika mji huo. Kila moja ilikuwa na latitudo na longitudo yake, yaani namba mbili zinazoonyesha nukta moja duniani, na zile za halmashauri zilikuwa zinaangukia ndani ya hifadhi ya Murray-Sunset, palepale ilipokuwa pini ya simu.

Ukitazama umbo la nchi ile, utaelewa kwa nini nukta iliangukia huko. Halmashauri hiyo ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 22,000. Inashika kona ya kaskazini-magharibi ya Victoria: upande wa kaskazini inapakana na mto Murray, upande wa magharibi inaishia kwenye mpaka wa jimbo la South Australia, na kusini inashuka mwendo mrefu hadi kwenye mashamba ya ngano. Mji uko pembezoni kabisa, juu kaskazini-mashariki, kwenye ukingo wa mto. Uko hapo kwa sababu mto ndio uliouleta. Mwaka 1887 ndugu wawili wa ukoo wa Chaffey kutoka Kanada walianzisha pale kilimo cha umwagiliaji, na mizabibu na michungwa ikashamiri kwa maji ya Murray katika nchi ambayo bila maji hayo ni mchanga na vichaka. Sasa chukua eneo lote hilo, tafuta nukta yake ya katikati. Haiwezi kuangukia mjini. Itaangukia mbali kusini-magharibi, kwenye hifadhi yenye zaidi ya kilomita za mraba 6,000, nchi ya mikalitusi mifupi na njia za mchanga.

Wala hili si la Mildura peke yake. Watu hujenga penye mto, pwani, bandarini, njia panda. Mipaka ya utawala huchorwa kwa hesabu nyingine kabisa. Ndiyo maana nukta ya katikati ya wilaya au mkoa mara nyingi huangukia pasipoishi mtu: shambani, msituni, wakati mwingine ziwani. Anayejua hili hashangai tena kuona pini ya mahali maarufu ikielea kwenye ukijani mtupu.

Tuingie sasa ndani ya kisanduku cha kutafutia, maana hapo ndipo kisa kizima kilipo. Unapoandika herufi saba za Mildura, chombo cha kutafutia hakijui unakotaka kwenda. Kina jedwali kubwa, na kila mstari wa jedwali una jina, aina ya kitu, latitudo na longitudo, na taarifa nyingine za kusaidia kupanga. Kinakusanya mistari ambayo majina yake yanafanana na ulichoandika, kinaipa kila mmoja uzito kwa kuangalia mambo kama ukaribu na ulipo, umaarufu wa mahali na aina yake, kisha kinakuonyesha ulioshinda. Huo ulioshinda kinauchora kwa pini. Na pini ni ileile, iwe mstari huo unahusu mlango wa nyumba moja au eneo la kilomita za mraba 22,000. Ncha yake ni kali vilevile. Inagusa ardhi kwa uhakika uleule.

Huu ukali wa ncha ndio unaotudanganya. Tarakimu nazo zinatudanganya kwa namna hiyohiyo. Nyuzi moja ya latitudo ni takriban kilomita 111, kwa hiyo tarakimu ya tano baada ya nukta inahesabu kama mita moja tu. Chombo kinaweza kukupa latitudo yenye tarakimu sita baada ya nukta, ukadhani kimepima hadi sentimita, kumbe kilichopimwa kwa usahihi huo ni kitovu cha halmashauri nzima. Kilomita 70 za kosa la Mildura ni kama sehemu sita za kumi za nyuzi moja. Ukiziweka namba zote mbili kwenye karatasi, hakuna hata moja inayoonekana kuwa ya uongo. Zote ni za Australia, zote ni za Victoria, zote zinakaa vizuri mahali pake.

Linganisha na makosa ambayo hupiga kelele yenyewe. Mildura iko takriban latitudo -34.2 na longitudo 142.2. Ukisahau alama ya kutoa mbele ya 34.2, pini inaruka ikweta na kutua baharini mashariki ya Japani. Ukibadilisha mpangilio, longitudo ikatangulia, chombo kitagoma, kwa sababu latitudo haizidi 90. Makosa makubwa namna hii humshtua hata mtoto. Lenye hatari ni kosa la ukubwa wa kati: linalokuacha katika nchi ileile, jimbo lilelile, upande uleule wa safari yako.

Baada ya kutafuta, chombo kinachora njia. Hatua hii huzungumzwa kidogo sana, nami naiona ndiyo iliyokamilisha madhara. Sehemu ya programu inayochora njia haiulizi kama pini inaingia akilini. Inatafuta barabara iliyo karibu zaidi na pini katika data yake, halafu inaunganisha ulipo na barabara hiyo. Pini ikiwa mjini, barabara hiyo ni mtaa wa lami. Pini ikiwa porini, barabara hiyo ni njia ya mchanga ya magari ya hifadhi. Kwenye kioo cha simu zote mbili zinaweza kuonekana mstari mmoja wa rangi moja, na sauti inayokuambia ukate kulia ni ileile tulivu. Kila hatua imeipokea kazi ya hatua iliyotangulia kana kwamba imeshahakikiwa: mpangaji wa matokeo aliliamini jedwali, mchoraji wa njia akamwamini mpangaji, dereva akamwamini mchoraji.

Kuna jambo ambalo husemwa karibu kila kisa hiki kinapotajwa, nalo si kweli: kwamba GPS iliwapoteza. Mfumo wa GPS, wenye setilaiti zinazozunguka dunia kwa urefu wa takriban kilomita 20,200, hukujulisha ulipo wewe. Kwa simu iliyo mahali pa wazi, kosa lake kwa kawaida ni la mita chache. Hauna habari yoyote kuhusu Mildura. Hapakuhitajika kosa lolote la setilaiti ili gari lifike pale: nukta ya gari inaweza kuwa sahihi kila dakika ya safari, huku inasogezwa kwa uaminifu kuelekea mahali pasipostahili. Kuyatenganisha haya mawili, nilipo na ninakokwenda, ni nusu ya elimu ya kutumia ramani. Inaeleza pia kwa nini simu iliyokosa netiweki bado inaweza kuonyesha ulipo: kupokea ishara za setilaiti hakuhitaji mnara wa simu. Kutafuta jina jipya na kupakua ramani ya eneo usilolipita kabla, hayo ndiyo yanayokufa netiweki ikikatika. Dereva anayegundua kosa akiwa tayari porini anagundua wakati uwezo wa kulisahihisha umeshamtoka mkononi.

Nani basi wa kulaumiwa? Orodha ya serikali siilaumu. Ilikuwa sahihi kwa kazi yake. Halmashauri ni kitu halisi, inastahili mstari wake, na mstari unahitaji nukta ili uwekwe kwenye ramani ndogo inayoonyesha eneo kubwa. Katika orodha za namna hii kila mstari hubeba pia lebo ya aina yake: huu ni mji, hii ni halmashauri, huu ni mlima. Uhai wote wa data uko kwenye lebo hiyo. Ukiing'oa ukabakiza jina na namba, umeondoa kitu pekee kinachotofautisha mji na jangwa linaloubeba jina lake. Jukumu linamwangukia aliyeichukua nukta ya halmashauri na kuiuza kama mwisho wa safari ya gari. Na nasema hivi bila kusahau ugumu wa kazi yenyewe: anayejenga ramani ya dunia anaunganisha majedwali ya nchi nyingi, kila moja na desturi zake, na mahali palipopewa jina moja mara mbili hapahesabiki. Ugumu huo ni sababu ya kuweka ukaguzi. Hauwezi kuwa sababu ya kuuacha.

Ukaguzi wenyewe usingekuwa mzito. Chukua kila mstari uliokusudiwa kuwa mji, angalia kama kuna mitaa ndani ya kilomita moja ya nukta yake. Mji wenye watu zaidi ya 30,000 ambao pini yake haina hata mtaa mmoja jirani unajitangaza wenyewe. Au chukua majina yote yanayojirudia ndani ya jimbo moja, pima umbali kati ya nukta zake, kisha mtu ayatazame kwa macho yale yaliyoachana kilomita nyingi. Anayeshughulikia jedwali dogo la wateja au la vituo vya afya anaweza kufanya vivyo hivyo kwa mchana mmoja, na ninamsihi afanye, kwa sababu jedwali lake nalo siku moja litachorewa njia na mtu atakayeliamini.

Tukirudi kwa msafiri: angeweza kugundua? Naamini ndiyo, na bila ujuzi wowote wa pekee, mradi angejua pa kutazama kabla ya kuwasha gari.

Jambo la kwanza ambalo ningelifanya ni kuuliza mji huu uko kando ya nini. Mildura uko ukingoni mwa mto Murray, na ng'ambo ya mto ni jimbo jingine, New South Wales. Hili limo kwenye sentensi ya kwanza ya maelezo yoyote kuhusu mji huo. Pini iliyoko kilomita nyingi kutoka mtoni haiwezi kuwa mji huo. Hapo huhitaji latitudo wala longitudo, unahitaji kuipunguza ramani hadi uone mto, kisha kuikuza hadi uone kama kuna mitaa. Watu wengi huikuza tu. Wanaikaribia pini, wanaridhika kuiona, wanabonyeza kitufe cha kuanza safari. Ukiwasha picha za setilaiti kwa sekunde chache, tofauti kati ya mji wenye mashamba ya mizabibu yaliyopangwa kwa mistari na pori la vichaka haihitaji mtaalamu.

La pili ni kutafuta kitu kilichomo ndani ya mji badala ya mji wenyewe. Barabara kuu ya Mildura inaitwa Deakin Avenue. Mji una uwanja wa ndege, una hospitali. Vitu hivi havina halmashauri inayobeba jina lake. Hospitali ni hospitali, na nukta yake iko kwenye jengo au jirani nalo. Ukitafuta jina la mji na jina la barabara yake kuu, ukapata pini mbili zilizoachana kwa mwendo wa saa moja ya gari, umeshajua kwamba mojawapo si kweli. Hii ndiyo njia ninayoipendelea kuliko zote, maana inafanya kazi hata mahali usipopajua kabisa: huhitaji kujua jibu sahihi, unahitaji tu kuona majibu mawili yakigongana.

Umbali nao husema. Jumla ya kilomita zilizoandikwa kwenye vibao vya barabarani au kwenye ratiba ya mabasi ikilinganishwa na ile ya simu, tofauti ya kilomita 70 haijifichi. Na soma kipande cha mwisho cha njia kabla ya kuondoka. Safari ya kwenda mjini haipaswi kuishia kwenye njia isiyo na jina.

Siku hizi baadhi ya ramani huchora mstari wa mpaka unapotafuta wilaya au mji, na chini ya jina huandika aina ya mahali. Hiyo lebo ndogo ya rangi hafifu ndiyo ile ile lebo ya jedwali, imerudi. Isome. Ikiwa inasema wilaya au halmashauri nawe unataka mji, rudi kwenye orodha ya matokeo na uchague mstari mwingine. Na ukiwa wewe ndiye unayemwelekeza mgeni, usimtumie jina peke yake. Simama mlangoni, mtumie pini ya mahali ulipo. Jina linaweza kuwa la vitu viwili, mlango ni mmoja.

Kabla sijamaliza, niongeze kisa cha jirani kinachosaidia kutenganisha mambo. Mwezi huohuo wa Desemba 2012, polisi wa Colac, mji mwingine wa Victoria, walilalamika kuhusu ramani ya Google: ilikuwa ikiwapitisha watalii wanaokwenda Great Ocean Road, barabara maarufu ya pwani, kwenye Wild Dog Road, barabara isiyofaa kubeba magari mengi. Pale mwisho wa safari ulikuwa sahihi, kasoro ilikuwa kwenye njia. Dereva wa Wild Dog Road hata angehakiki pini mara kumi asingegundua lolote. Dereva wa Mildura angeweza kupita barabara nzuri karibu safari nzima na bado akafika pabaya. Ukikutana na tatizo la ramani, anza kwa kuuliza ni lipi kati ya haya mawili, kwa sababu dawa zake ni tofauti, na anayepokea taarifa yako atataka kujua.

Katika kutoa taarifa, polisi wa Victoria waliifanya kazi hiyo vizuri. Hawakuishia kusema kwamba ramani ni mbaya. Waliiandika Mildura kwenye simu wao wenyewe wakaona kilichotokea. Walieleza pini ilipoangukia, wakataja umbali wake kutoka mjini, wakaeleza hali ya watu waliowakuta na kwa nini jambo hilo halikuweza kusubiri, wakawasiliana na kampuni moja kwa moja, na wakati huohuo wakawaambia wasafiri watumie ramani nyingine hadi litakaporekebishwa. Mtu aliyepokea taarifa ile hakuwa na cha kuuliza tena. Alichobakiza kufanya ni kuihamisha pini.